Hando la Mbodze

Alikuja Jumanne, rangi haijakauka bado,
na mfuko wa muhogo mkavu begani,
akapanda ngazi zangu za Barabara ya Biashara
akitweta, akimlaani aliyezijenga.

"Niko wapi?"
Nikamwonyesha: wa tano kutoka mlangoni,
baina ya Umazi wa Bamba na Kabibi wa Rabai,
wote ndani ya mahando, wote wima,
kama nilivyowaamuru: msicheke.

Uso wake hakuutazama.
Aliinamia kiuno chake mwenyewe turubaini,
akahesabu marinda kwa ncha ya ukucha
asiiguse rangi.
Kufika kumi na manne, akaguna.
"Umenipunja."

Nikajitetea: huo ni mwanga, mama, hicho ni kivuli,
jicho likisimama mbali hujaza lenyewe yaliyobaki.
"Jicho la nani?

Mamangu alichana marekani siku tatu kwa wembe mmoja.
Akakunja, akashona, akalitandika chini ya mkeka,
akalilalia mpaka likakubali.
Lilikuwa zito. Ukitembea, lilitangulia kusema.
Hili lako ni bubu. Hili upepo ungelichukua."

Chini wachuuzi walinadi doti mpya za leso.
Yeye alijifunga ya zamani,
jina lake limefifia,
limesalia neno moja pindoni: *wivu*.

Nikamletea picha niliyompiga siku ile.
Tukahesabu pamoja, vichwa vimegusana.
Kumi na manne.

Kimya.
Kisha akaketi juu ya ndoo niliyoipindua.
"La mama tulimzika nalo.
Lile niliazima kwa kikundi cha ngoma,
wanalivaa watoto wa shule wageni wakija."

"Basi sikukosea," nikasema,
na nikajuta kusema.
"Hukukosea. Nipake la mama."

Mwenye hoteli wa Nyali alikwisha toa arubuni,
Alhamisi gari lake linakuja kuzichukua zote nane,
na nyeupe ilikuwa imebaki nusu kopo.
Nikalifungua.

Akanihesabia kwa Kigiriama, polepole,
kila rinda akilisubiri likae mahali pake.
Nikipaka jembamba, anakohoa.
Kiuno kikapanuka, kikamsukuma Kabibi
karibu na ukingo wa picha yake.

Tulipovuka thelathini akaninyoshea kiganja: ngoja.
Akafumba macho.
Vidole vyake vilikuwa pajani
vikikunja kitambaa kisichokuwapo,
na mimi, brashi hewani, tone likining'inia,
nikangoja.