Kwa Hesabu ya Mama

Nyuma ya daftari la hisabati,
ukurasa ambao mwalimu hafiki kusahihisha,
niliandika kwa wino mwekundu:
NITAKUWA BINGWA WA DUNIA.
Nikapigia mstari. Mara mbili.

Kocha Bahebe alisoma, hakucheka.
Alikuna kidevu, akauliza:
"Sawa, bingwa. Na kesho saa kumi na moja jioni
mikono yako itafanya nini?"

Dunia nzima nilikuwa nayo.
Kesho sikuwa nayo.

Ndipo nikalichana lengo langu
kama mama anavyochana kitenge kilichochakaa,
hiki cha kufutia meza, hiki cha kushikia sufuria,
kila kipande na kazi yake.
Kipande cha kwanza: kusimama kwa mikono,
sekunde kumi, bila ukuta.

Kwetu ni Mabatini, huku juu,
nyumba imenasa katikati ya majabali mawili
kama ufumwale wa muwa kwenye meno.
Uwanja wangu ni jabali la nyuma, lile bapa,
ambalo mchana linaanikwa mihogo
na jioni linanibakizia joto viganjani.
Nikipinduka, miguu juu,
ziwa linahamia juu, linaning'inia
wala halimwagiki.
Hospitali ya Bugando inasimama kwa kichwa
na wagonjwa wake wote, haitikisiki.
Mimi natetemeka.

Mdogo wangu Masele alikuwa karani wa sekunde.
"Mojambilitatunnetano — kumi! Umeweza, dada!"
Alihesabu kama anayefukuzwa na nyuki.
Jioni ile nilikula ugali wa mshindi.
Usiku ushindi ukanikwaruza
kama makombo ya mkate kitandani.

Kesho yake nikamwita mama.
Alikuwa anachambua mchele,
hakuyatoa macho kwenye ungo.
Akahesabu kwa Kisukuma, polepole,
akiitoa kila namba
kama chenji kwa mteja asiyemwamini.
"Idatu," akasema,
na mimi nikawa chini.

Tatu.
Nikaiandika. Ndogo, lakini haidaiwi na mtu.

Nyamizi wa Nyakato anaruka kinyumenyume,
anatua kama paka aliyeitwa kula.
Wiki nzima nilijivika lengo lake.
Likanibana kwapani kama sare ya kuazima,
nikashindwa hata kupiga msamba niliouzoea.
Nikalirudisha.
Yeye hakujua hata kama lilikuwa limetoka.

Mvua za Aprili, jabali likateleza,
kifundo cha mkono kikavimba kama andazi.
Safari hii kocha aliandika mwenyewe daftarini:
"Siku tisa. Usiguse chini kwa kiganja."
Nani aliwahi kusikia lengo la kutofanya kitu?
Nililala chali, nikanyoosha vidole vya miguu,
nikahesabu misumari ya paa.
Siku ya sita nilidanganya, mara moja tu, nyuma ya choo,
na mkono ukanisemea kwa uvimbe.
Siku ya saba ikawa siku ya kwanza.

Sasa daftari limejaa namba zisizonyooka:
nne, nne, sita, mbili (nilikuwa na njaa), saba, tano.
Masele anasema inafanana na matokeo ya mtihani
ya mtoto mtoro.
Ule wino mwekundu bado upo juu ya ukurasa.
Siutazami sana. Nao haunitazami.

Jana jioni nilipanda tena.
Ziwa likaenda mahali pake, juu.
Viganja vikalisikia jabali, punje kwa punje.
Nikasikia mchele ukirushwa, ukipokelewa,
na sauti ileile isiyo na haraka ikifika saba,
ikifika nane.
"Kenda," akasema mama.

Kisha kimya.
Ungo nao kimya.

Nikadhani amesahau namba inayofuata.
Nikageuza shingo kumwangalia, nikaporomoka:
kumbe alikuwa ameinua macho.

Daftarini nikaandika: tisa.
Na pembeni, kwa herufi ndogo:
mama alitazama.