Wino Kabla ya Tangazo

Mimi hujua kabla ya redio.
Mara mbili nimejua kabla ya mke wa mgombea.
Jina sharti lichapwe kwanza ndipo mwenyewe aliamini,
na mtambo wa kuchapa mabango ni mmoja tu hapa Halder Falls,
nyuma ya duka la rangi, mlango wa kijani, gonga kwa nguvu.

Jumatatu Osterhaus alisema basi.
Miaka ishirini na sita kwenye kiti cha Kongresi,
akakohoa mbele ya kamera, akataja magoti, akataja wajukuu,
na Jumanne, theluji sijaikwangua mlangoni,
Randy Pawlak alikuwa ameshaegesha.
Huyu wa matrekta. Glavu hakuvua.
"Sijaamua, Marlys. Nataka tu nione
jina langu likikaa kwenye buluu linafananaje."
Nikamchapia moja. Akaliegemeza kwenye katoni,
akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja
kama anayenunua ng'ombe.
"Herufi zinenepe kidogo," akasema.
Bado hajaamua.

Alasiri, Corinne Tveit, daktari wa mifugo,
mikono inanuka iodini na zizi.
Akauliza bei ya mabango mia tano, kisha elfu mbili,
kisha akautazama mtambo muda mrefu
kama mnyama asiyejua anaumwa wapi.
"Watu wanasema nigombee."
Watu gani, sikuuliza.
Kila aingiaye hapa ana watu hao:
hawana sura, hawana anwani,
hawajawahi kunilipa hata senti,
ila kusema, wanasema.

Jumatano, Bryce Dietz, ametua jana kutoka Washington,
viatu vyake havijui barafu.
Mzaliwa wa hapa, anasema, na ni kweli:
kadi za kuzaliwa kwake nilizichapa mimi.
Lakini jina la mji wetu hulitamka polepole
kama aonjaye supu ya jirani.
Anataka picha ya ghala jekundu.
Ghala la nani?
"Lolote."

Pa Houa Xiong alikuja usiku, ametoka kikao cha bodi ya shule,
na binti yake mwenye daftari la hesabu.
Lipi liwe kubwa, aliniuliza, Pa Houa au Xiong?
Lipi halitawatisha watu wa kule mashambani?
Binti, bila kuinua kichwa: "Yote, mama. Watajifunza."
Herufi kumi na moja.
Zilienea.

Basi wakalala dukani mwangu wote wanne,
wameanikwa kwenye waya mmoja, wino mbichi,
hakuna anayejua kuwa mwenzake yupo.
Lori la maziwa likipita nje, waya hutikisika,
wakaguswa mabega, wakaachana.

Ijumaa aliingia Osterhaus.
Peke yake. Sikumbuki kumwona peke yake.
Alitaka karatasi ishirini, nyeusi tupu, bila picha:
AMEPOTEA MBWA. Kahawia, sikio moja limekatika.
Namba ya simu? nikauliza, kalamu mkononi.
Akafungua mdomo.
Akautoa mfuko wa koti nje, akaipata simu, akaigeuza,
akaitazama kama barua iliyoletwa nyumba siyo.
Miaka yote hiyo kuna mtu alimpigia, kuna mtu alimpokelea.
Nikamwambia anipigie mimi, namba itatokea.
Ikatokea. Tukaiandika.

Mabango aliyaona, yangewezaje kufichika.
Aliyapitia moja moja bila miwani
na sikuona chochote usoni pake.
Alihesabu noti mwenyewe, akakosea, akahesabu tena.
"Haji ukimwita jina," akasema mlangoni.
"Huja kwa mluzi tu. Ongeza hapo chini."

Niliongeza.
Nilipofunga duka nikapiga mluzi, mara moja, kuelekea mtoni,
nikasimama kidogo kwenye baridi.
Kwa Pawlak taa zilikuwa bado zinawaka.