Jina la Ulezi

Dirishani, Hospitali ya Mawenzi, karani
anainua kalamu: "Mtoto anaitwa nani?"
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Mume wangu kaniandikia kwenye karatasi: Braitnesi.
Kapiga mstari mara mbili, nisije nikasahau.

Wa kwanza alibeba jina la mama mkwe, ndiyo desturi;
huyu wa pili ni zamu ya kwetu. Mama
alisema juzi, akichambua mnafu jikoni:
"Langu liruke. Chukua la mama'ngu.
Langu mimi walilitoa kwenye kalenda."

La bibi ni Aikaruwa.
Aika, ahsante. Ruwa, Mungu,
na Ruwa huyohuyo ni jua, neno moja,
kwa hiyo ukishukuru asubuhi pale Kidia
hujui shukrani imetua wapi.

Sasa sikilizeni.
Alizaliwa msichana wa sita, masika,
mvua haijapumua siku kumi na moja.
Baba yake, mzee Mlang'a, alipopelekewa habari
aliuliza tu kama ng'ombe amekamuliwa.
Ulezi wa mbege ulikuwa umelowa, umeanza kunuka darini,
na harusi ya mdogo wake imebakiza siku nne.
Siku ya kumi na mbili wingu likapasuka.
Mzee akatoka na ungo, akamwaga ulezi juu ya ngozi,
akainua uso: "Aika, Ruwa!"
Mkunga akasikia kutoka ndani,
akaja mbio, mikono bado ina maji:
"Kumbe umeshampa jina!"
Naye, mdomo wazi, ulezi kiganjani,
hakujua aanzie wapi kukanusha.

Bibi alitusimulia akicheka mpaka kitambaa kinamtoka kichwani:
"Shukrani haikuwa yangu. Ilikuwa ya ulezi.
Haya, na nani kalea?"

Kitabu cha ubatizo kinasema Aikaeli.
Mwinjilisti Ndesario alimfuta Ruwa kwa wino wa bluu,
akamweka yule wa kwenye Biblia, silabi kwa silabi,
na hakuona kama amebadilisha kitu.
Labda hakubadilisha.
Daftari la chama cha kahawa halisemi lolote:
kahawa ilikuwa ya babu. Yeye alichuma tu, miaka arobaini.
Kiborloni, kwenye deni la chumvi na mafuta ya taa, ni Mama Ndemasi.
Kadi ya kliniki: Erika.
Fundi wa kaburi naye alipungukiwa na nafasi, akaimeza W.
AIKARUA, limelala hivyo kati ya migomba na masale.
Nilitaka kwenda kugomba. Mama akasema, acha,
hata alipokuwa hai aliitika yote.

Yote. Ila akijikwaa.
Akijikwaa kwenye mfongo, debe kichwani,
alijikaripia kwa jina zima, polepole,
kama anayemrudisha mtoto aliyeenda mbali:
A-i-ka-ru-wa, macho umeyaacha wapi?
Mimi nilikuwa nyuma yake na kidumu changu.
Hivyo ndivyo nilivyolijua, kwa maji yaliyomwagika.

"Mama," anasema karani, "watu wanasubiri."
Nahesabu visanduku: herufi nane, vinabaki vingi.
Karatasi ya baba yake nimeshamfutia cheua.
Nitamwambia mwanga alioutaka umo humu humu, atafute.
"Jina la Kikristo?"
Hilohilo.
"Na la nyumbani?"
Hilohilo.
Ananitazama juu ya miwani. Anaandika, anafika kwenye U, anasita:
"Kwa W, au bila?"

Kwa W, namwambia.
Tena iandike pana.
Kuna moja tunadaiwa kule Kidia.