Kadi ya Ndeonasia

Ghala lile, hapa Moshi, zamani lilikuwa la kahawa.
Ukivuta pumzi nyuma ya rafu za sabuni
bado utaisikia, chungu kidogo, imejibanza ukutani
kama mdaiwa.
Siku hizi ni la wanachama tu:
kadi mlangoni, picha, jina, namba,
na ada ya mwaka ambayo kwa mtu mmoja
ni kodi ya chumba, mwezi mzima na siku za juu.

Kwa hiyo tulijiunga wanne ndani ya mtu mmoja.
Ndeonasia ndiye aliyekaa kwenye kiti cha picha
kwa kuwa kitambulisho chake hakikuwa kimefutika,
na kwa kuwa, alisema Mwanaidi, uso wake unakopesheka.
Kamera ikamkuta anataka kupiga chafya.
Huyo mwenye chafya ndiye aliyetufungulia bei ya jumla:
mchele wa gunia, mafuta ya ndoo,
karatasi za chooni arobaini na nane kwenye nailoni moja,
tukicheka, ni nani mwenye tumbo la kuzimaliza hizo?

Kila Jumamosi ya kwanza, bajaji ya Elinami,
kisha toroli lenye gurudumu moja kaidi
linalovuta upande wa biskuti.
Kisha Pasua, nyumbani kwa Aikande,
turubai uani, mizani, bakuli la bluu.
Sukari kilo ishirini na tano kwa wanne:
sita, sita, sita, sita,
na robo robo.
Ile robo ndiyo iliyokuwa na maneno.
Ndeonasia aliinua mizani hadi usawa wa macho yetu:
"Msinitazame mimi. Tazameni mshale."

Mwezi wa tatu tulimrudisha Kibosho,
matope hadi kwenye vifundo, migomba ikidondoka maji.
Mwezi wa nne unga ukaisha.
Unga hauna msiba.

Mlinzi akaitazama kadi, akatutazama.
"Mwenyewe yuko wapi?"
Mimi nilikuwa bado natafuta uongo mkobani.
Aikande akajibu bila kupepesa:
"Ametangulia."

Mlinzi akageuka, akachungulia ndani,
kwenye ile mitaa mirefu ya maboksi,
taa nyeupe, folklifti ikilia kinyumenyume,
kana kwamba angemwona pale kwenye chumvi,
miwani puani, anasoma tarehe ya mwisho.
"Haya," akasema, "mfuateni."

Tukamfuata.
Hatukusemezana hadi kwenye maharage.
Mwanaidi ndiye aliyeanza kucheka,
akashika paleti kwa mikono miwili,
kicheko kikamgeuka.
Kijana wa ghala akamletea maji,
akamuuliza kama ni presha.

Pasua. Turubai. Bakuli la bluu.
Mikono ikapima mafungu manne.
Hakuna aliyeituma, ilikuwa imezoea.
Tukayamwaga yote, tukaanza upya kwa watatu:
nane, nane, nane,
ikabaki kilo moja.
Chukua wewe.
Aa, chukua wewe, una wajukuu.
Tungempelekea mumewe, lakini ana kisukari,
na tena angeuliza tumeingiaje.
Tukaifunika kwa sahani, kila mtu akaenda kwake.

Kadi inakwisha Desemba.
Watataka uso mwingine, wenye chafya yake.
Hatujalizungumza.

Asubuhi Aikande akapiga simu:
sisimizi, anasema, wamejiunga ukoo mzima,
mstari kutoka dirishani hadi kwenye sahani,
wanapishana, wanasalimiana,
wala hakuna anayeulizwa kadi.