Doa la Oili

Makumbusho ya Londiani ni chumba kimoja,
zamani stoo ya mizigo ya reli.
Kiingilio hamsini. Kama huna,
Taprandich anakuandika kwenye daftari la madeni
na hadai.

Kuna karabai, mizani ya kupimia pareto,
kibuyu cha mursik chenye ufa,
taipureta iliyong'oka herufi M,
na pembeni, nusu ndani ya turubai, pikipiki,
na kadi iliyoandikwa kwa mkono wa haraka:
BSA, 1956. Mwenyewe: mlowezi. Hajulikani.

Hajulikani!
Nilipiga magoti pale kwenye saruji,
nikapapasa chini ya tangi, upande wa kushoto,
kidole kikakikuta kijiko.
Kijiko cha chai, kimechomelewa juu ya tundu
na fundi Ndirangu wa Elburgon
mwaka nilioachishwa ziwa.
Nyumbani umri wangu ulihesabiwa kwa kijiko hicho.

"Mlowezi gani?" nikamwambia Taprandich.
"Hii ni ya mama."

Rispa Khayanga, mkunga wa zahanati,
sketi ameifutika ndani ya koti la mvua,
uzi na wembe kwenye kopo la Kimbo,
akipanda Mau Summit usiku, matope hadi magotini,
na nyuma yake watu wakinong'ona
kwamba mwanamke akikaa hivyo hazai tena.
Alizaa sita. Mimi ni wa tano.
Aliiuza mwaka wa sabini na nne, karo ya kaka,
na hakuitaja tena, wala sisi hatukuuliza.

Taprandich akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Paa linavuja," akasema. "Kamati imeshaamua.
Jumamosi inapigwa mnada Nakuru."

Nakuru, uwanja wa maonyesho.
Triumph, Norton, AJS, zimepakwa nta zikang'aa
kama viatu vya bwana harusi.
Wanaume wamevaa jaketi za ngozi juani.
Vijana wa bodaboda wananing'inia uani:
"Mzee, hiyo inabeba magunia mangapi?"

Nilikuwa na elfu themanini na mbili,
bei ya mtamba mmoja na aibu kidogo.
Dalali akaanzia sitini.
Sabini, mkono wangu. Themanini, wangu.
Themanini na mbili, wangu.
"Laki," sauti nyuma yangu.
"Laki na nusu," nyingine.
Mkono wangu ulikuwa ungali juu,
kama wa mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani,
nyundo ilipogonga.

Mnunuzi, Bwana Virdi wa Kisumu,
kilemba cha samawati, mikono ya fundi,
akapiga kiki mara tisa.
Ikakohoa. Ikanyamaza.
Vijana uani wakacheka hadi ua ukayumba.

Nikasema, "Niruhusu."
Kiganja kwenye mdomo wa kabureta.
Kiki mbili za taratibu, kama unaamsha mgonjwa.
Halafu ungoje. Hapo ndipo wengi hukosea.
Mama alikuwa akiiambia kwa sauti ileile
aliyowaambia wanawake wa Molo, wa Kamara, wa Mau Summit:
usisukume bado,
usisukume bado,
vuta pumzi.
Sasa.

Ikalia.

Bwana Virdi hakusema neno. Alitoa risiti yake,
akaigeuza, akaniomba kalamu
niliyokuwa sina. Akaazima kwa dalali.
Nikamsimulia yote: kijiko, kopo, matope, karo.
Jina alilokuwa akiiita
sikumpa.

Juzi nimepita Londiani.
Mabati ni mapya; mvua ikinyesha
huwezi kumsikia mtu aliye mbele yako.
Pale ilipokuwa kuna doa la oili, ukubwa wa sahani.
Taprandich anapiga deki pembeni yake.

Na kadi ipo. Ameichapa upya kwa taipureta:
Rispa Khayanga, mkunga. Mama wa sita.
Kila M
ameijaza kwa kalamu.