Fyuu

Fundi Lugoye, sikuja kugombana.
Chai nitakunywa, kigoda nitakikalia,
ila kwanza pokea pampu yako, imo ndani ya boksi lake,
ile uliyoniuzia mwezi wa nne ukaniapia kwa kaburi la baba yako.

Korola yangu, unakumbuka, ilikuwa haifiki Usagara.
Natoka Mkuyuni na sare za shule buti zima,
gari linakwenda, linakwenda, kisha linaanza kukohoa
kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa sato,
linanyamaza.
Malori ya saruji nyuma yangu yananipigia honi.
Nikikaa pembeni robo saa linawaka
kana kwamba halijanitia aibu.

Ulisema pampu. Nikalipa.
Ukasema koili. Nikakopa kwa Nkwimba wa maharage, nikalipa.
Ukasema plagi hizi si za kweli.
Mara ya nne ukafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono,
ukaniuliza kwa sauti ya chini
kama yuko mtu pale nyumbani anayenionea kijicho.

Fundi, mimi nimeishi na cherehani miaka kumi na tisa.
Uzi ukikatika siendi kwa mganga.
Natazama sindano. Natazama bobini. Nalegeza mvutano kidogo.
Kimoja kimoja, na sigusi cha pili
kabla cha kwanza hakijanijibu.

Basi nikaliegesha nyuma ya nyumba, chini ya lile jabali
linalotupa kivuli hadi saa nne,
nikanunua spana namba kumi na namba kumi na mbili.
Injini, niliambiwa, inadai vitu vitatu tu.

Cheche: nikachomoa plagi, nikaigusisha na chuma,
kijana wa jirani akapiga stata.
Ta, ta, ta. Buluu, kavu. Ipo.
Mafuta: nikachomoa mpira, nikakinga chupa ya maji. Yapo tele.
Hewa: filta nikaikung'uta, ikatoa vumbi
na wale wadudu wa ziwani, kiganja kizima, wepesi kama majivu.
Nikafurahi. Nikaondoka nalo.
Likazima Nyegezi.

Siku hiyo sikufungua boneti.
Nilikuwa nimechoka kuitazama injini, nayo imechoka kunitazama.
Nikazunguka nyuma, labda mafuta yamekwisha tu, sijui,
nikazungusha kifuniko cha tenki

fyuu

tenki likavuta pumzi, ndefu,
kama mtoto anayeibuka kutoka chini ya maji.
Nikafunga. Nikawasha. Likawaka hapo hapo.

Nilicheka peke yangu barabarani, fundi, na mafuta vidoleni.
Kila tone lililotoka halikuachiwa hewa ya kukalia nafasi yake,
tenki likajibana, likajibana, hadi petroli ikagoma kutoka.
Jioni nikalala chali chini ya gari na tochi,
nikaufuata ule mpira mwembamba wa kupumulia hadi mwisho wake.
Nyigu alikuwa amejenga.
Vyumba vitatu vya udongo, vimepigwa lipu safi kuliko choo changu,
na katika kila chumba buibui mmoja, amelazwa, akiba ya wanawe.
Nikamzibua kwa spoki ya baiskeli.
Gharama yake, andika hapo: sifuri.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Sikulaumu sana kwa hilo. Nakulaumu kwa kijicho,
maana nilikaa wiki mbili simjibu salamu mke wa kaka yangu.
Deni hilo halina risiti.

Koili nimebaki nayo, inafanya kazi. Pampu nirudishie nusu.
Na hiyo Noah hapo uani, ya mwalimu wa Buhongwa,
naona umeipasua tumbo tangu Jumatatu.
Kabla hujamuuzia boksi hili,
niite mwenyewe, aje akae hapa kwenye kigoda.
Nataka kumuuliza: huzima wapi?
Baada ya muda gani?
Na likizima, wewe husikia nini?