Rasimu Namba 214

Saa sita usiku mfumo hujifunga wenyewe.
Hauhitaji mkono wangu, wala kufuli, wala askari.
Asubuhi napanda ofisini, juu ya duka la vipuri, Malindi,
naweka chai mezani, naandika nywila,
na kioo kinanisalimu kwa hesabu:
maombi mia tatu na kumi na mawili yamepokelewa.

Mama aliposikia maneno hayo mara ya kwanza
aliinua viganja akaitikia, Amina.
Si maombi hayo, mama, nikamweleza.
Akaniuliza: kwani yako mangapi?

Zamani, nasema miaka sita tu,
yalikuja ndani ya bahasha za kaki,
mwandiko wa mwalimu, muhuri wa chifu, dole gumba la mwenyekiti.
Moja ilinuka dagaa. Tukaifadhili;
sikumbuki kama ni kwa sababu hiyo.
Na tulipoteza mengi, nisiseme uongo.
Moja tuliikuta imekunjwa chini ya mguu wa kabati lililoyumba,
mwaka mzima umepita: ombi la vitanda vya zahanati.

Mfumo haupotezi kitu. Hilo nalikiri.
Unapanga. Kijani, kamili. Njano, ina upungufu.
Kijivu ni rasimu, yaani aliyeanza asimalize,
na kijivu, alisema fundi alipotufunza, msihangaike nacho.

Nafungua.

Mwombaji: Mbodze Charo, Mambrui.
Mara ya mwisho kuhaririwa: saa tano na dakika hamsini na nane.
Jina la mradi: Mikono.
Tatizo, kwa herufi zisizozidi mia tano.
Ametumia thelathini na nane:
*Watoto wetu hawasikii. Mabubu ni sisi.*

Cheti cha usajili: kimepakiwa, kimelala ubavu.
Picha ya watoto wakizungumza: faili ni kubwa mno.
Kiashiria cha mafanikio:
*Sidi aweze kumwambia mamake wapi panauma.*
Tafadhali weka namba.
1
Idadi ya chini ni 50.
1
Idadi ya chini ni 50.
1
Mara nne. Najua, kwa kuwa mfumo haupotezi kitu.

Ile hamsini niliiweka mimi.
Alasiri ya Ramadhani, feni imekufa,
fundi kwenye simu akiuliza, tuweke ngapi?
nami nataka tu tumalize nikanunue tambi.

Nyanya yangu aliacha wakfu, minazi minne na kisima.
Hakuuliza wanywaji ni wangapi, wana umri gani.
Lakini hakuacha daftari pia,
na kisima kilijaa mchanga, kila mtu akidhani
kuna mwingine mwenye zamu ya kukizoa.
Kwa hiyo simcheki fundi.

Alhamisi bodi ikakaa.
Ukutani, mistari arobaini na mmoja ya kijani.
Tulipofika kwenye Mengineyo nikasoma sentensi moja, ya Sidi.
Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Mweka hazina akauliza, kwa upole kabisa: alama zake?
Hana, nikasema. Hakutuma.
Na wale waliotuma kwa wakati, tuwaambieje?
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Katika kumbukumbu imeandikwa: ilijadiliwa.

Jioni nikarudi kwenye mpangilio, nikafuta hamsini, nikaandika moja.
Una uhakika? mfumo ukaniuliza.
Ni swali ambalo bahasha haikuwahi kuniuliza.

Kisha nikapiga simu Mambrui.
Akapokea mwenyewe, nyuma yake makelele matupu.
Sikujua kwamba watoto wasiosikia hupiga kelele kiasi kile.
Nikamwambia dirisha litafunguliwa tena Januari,
ajaribu mapema, asingoje usiku,
na ile picha aipunguze, aikate kidogo pembeni.

Hakulaumu. Alinyamaza, kama mtu anayeitazama picha yenyewe.
Nikate, akasema, mkono wa nani?